Kliniki ya Mbalamwezi

Nilipokuwa tabibu Bangwe, Kigoma, siku ya kliniki ya kifafa niliipanga kwa kuangalia mwezi. Mbalamwezi ikitanda juu ya Ziwa Tanganyika, dagaa hawaifuati karabai, kwa hiyo wavuvi hukaa nyumbani mpaka giza lirudi. Ukimpa mvuvi tarehe ya giza, haji: usiku yuko ziwani, mchana amelala. Ukimpa ya mwezi mpevu anakuja, tena pamoja na wenzake wa mtumbwini, na hao wenzake ndio niliowataka hasa.

Maana kifafa mara chache humpata mtu mbele ya daktari. Mwenyewe hajui kilichomtokea. Anajua tu kwamba alizinduka ana mchanga mdomoni, ulimi unamuuma na watu wamemzunguka. Mashine ya kupima umeme wa ubongo sikuwa nayo, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Hata aliyeifikia mashine hiyo angeweza kupewa majibu safi na bado kifafa anacho. Kazi yangu ilikuwa kumhoji aliyeona. Macho yalikuwa wazi au yamefumba? Alipauka na kutoka jasho kwanza, au alikakamaa ghafla? Mkono upi ulitangulia kutikisika? Aliyezimia kwa njaa au jua huinuka upesi, akili zake timamu. Wa kifafa huamka amechanganyikiwa, hajui yuko wapi, na hutaka kulala. Mkono wa kulia ukitangulia, tatizo nalitafuta upande wa kushoto wa ubongo, na hapo namgeukia mama: alizaliwa kwa shida? Aliwahi kuugua malaria ikapanda kichwani?

Kijana mmoja alikuwa mshika karabai. Mama yake, mwanamke wa Ujiji, alinieleza bila kusita: "Daktari, mwanangu huanguka mwezi ukiwa mkubwa. Haya ni mambo ya mwezi." Sikumbishia, maana alichokiona alikiona kweli. Nikamwita nahodha. Akafikiri kidogo, akasema ziwani kijana haanguki, ila kuna nyakati anakodoa macho kwenye taa, anatafunatafuna midomo, ukimwita haitiki. Kitambo kidogo anarudi kazini kama hakuna kitu. Wenzake walidhani ni usingizi.

Hicho nacho ni kifafa. Kilikuwa kikimjia gizani pia, ila hakuna aliyekihesabu kwa kuwa hakuwa akianguka. Na kukesha usiku baada ya usiku huchokoza ubongo wenye kifafa. Akirudi nyumbani kwa mbalamwezi amechoka, usingizi umepinduka, ndipo yale matukio makubwa yanampiga mbele ya mama yake. Mimi niliridhika na maelezo hayo. Mama alihitaji muda zaidi, nami nilimpa.

Dawa niliyoitegemea ni fenobabitali. Mwaka 1912 ndipo daktari Mjerumani, Alfred Hauptmann, alipoeleza kwamba inazuia kifafa, miaka miwili kabla reli haijafika Kigoma. Ni ya zamani na ni rahisi, lakini Shirika la Afya Duniani linasema robo tatu ya wenye kifafa katika nchi maskini hawapati tiba wanayohitaji. Jambo hili linaniuma mpaka leo. Karibu na mwaka 1960, Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norwe, alianzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge kwa dawa hiyo hiyo, akawatibu watu waliotengwa na jamaa zao, wengine wana makovu ya moto. Makovu hayo nayafahamu. Mtu anaangukia mafiga, na aliye karibu anaogopa kumvuta kwa kudhani povu linaambukiza. Haliambukizi. Nimelipangusa povu hilo kwa mikono yangu mbele ya watu makusudi, ili walione.

Vitabu vinasema fenobabitali imezwe wakati wa kulala. Kwa mvuvi, wakati wa kulala ni asubuhi, na tulikubaliana hivyo na yule kijana: akishafika nchi kavu, akishakula, ndipo anywe.

Lililobaki lilikuwa ziwa lenyewe. Nilimwambia asiende, na nilijua namwambia aache ugali wa nyumba nzima. Nikaenda kwa tajiri wa mtumbwi, tukakaa mchangani, nikamweleza yote mbele ya kijana na kwa ridhaa yake. Tajiri akamhamishia ufukweni, asimamie uanikaji wa dagaa, na akamwachia fungu, ingawa dogo kuliko la kwanza. Kijana hakufurahi. Aliyapenda maji.

Baadaye mama alikuja peke yake. Miezi mikubwa kadhaa ilikuwa imepita bila mwanawe kuanguka, akataka kujua kama sasa aache vidonge. Nikamwambia hapana, mama. Akiviacha ghafla kinaweza kumrudia mfululizo bila kukoma, na hapo ndipo watu hufa. Tungesubiri miaka miwili bila tukio hata moja, hata yale ya kukodolea taa, kisha tupunguze kidogo kidogo kwa miezi. Akaniuliza yale ya kukodolea taa atayajuaje, naye kijana sasa hashiki taa. Nikamwonyesha cha kutazama: midomo, macho, na kama anaitika akiitwa jina.