Boksi Lilikula Faida Yangu

Wasee, kuna kitu kimoja ambacho kama ningeambiwa mapema, singelia.

Nilipoanza kuuza mitumba mtandaoni, nilitaka kastoma akifungua mzigo ahisi ameletewa zawadi. Kila topu ilienda na boksi jeupe la bob 90, karatasi laini ya 20, utepe wa 15 na kadi ya asante ya 15. Jumla 140. Topu yenyewe nilikuwa nimeitoa Gikomba kwa 250, naiuza 500. Piga hesabu: nabaki na 110, na hapo sijatoa nauli wala bando. Mwezi wa kwanza niliuza topu 30. Boksi na marembo yake yalikula 4,200, mimi nikapata 3,300. Yaani boksi ndilo lililokuwa na biashara, mimi nilikuwa nalifanyia kazi.

Nikakasirika, nikakata kila kitu. Wiki hiyo nikapata oda ya vikombe sita vya udongo, vinaenda Eldoret. Nikavifunga kwa gazeti, nikavitia kwenye bahasha kubwa ya kaki, nikavipeleka stesheni ya matatu. Nilijiona mjanja kweli. Kesho yake dada aliyeagiza akanitumia picha: vinne vimevunjika. Zile 1,500 nilizomrudishia hazikuniuma kama ujumbe wake: "Mamangu amefungua mbele ya wageni."

Siku hizi kabla sijafunga najiuliza swali moja tu: hiki kitu kinaogopa nini njiani?

Nguo haivunjiki. Inaogopa maji na uchafu. Naikunja vizuri, naiweka kwa bahasha ya kaki ya bob 15, na msimu wa mvua naizungushia selotepu pana kote. Juala sahau, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017.

Kikombe kinaogopa kugongana. Hapo naomba katoni kuukuu kwa duka la mtaa. Kila kikombe nakifunga peke yake, ndani nakijaza gazeti lililokunjwakunjwa, halafu kati ya kimoja na kingine naweka vipande vya kitambaa ambavyo fundi wa nguo angetupa. Kisha natikisa. Nikisikia kitu kinacheza, nafungua naanza upya. Na katoni isizidi mzigo sana, maana nafasi tupu ndiyo inavunja vitu, na parseli kubwa mara nyingi hutozwa zaidi.

Kadi sijaacha. Naandika asante kwa mkono kwenye kipande cha karatasi, bure kabisa.

Najua mtaambiwa boksi ndilo brandi. Mimi naona brandi ni kitu kufika kikiwa kizima. Yule dada nilimtumia vikombe vingine sita kwa gharama yangu, ndani ya katoni ya sabuni. Akanitumia picha: vyote sita mezani, vina chai. Kuhusu boksi hakusema lolote.