SEHEMU YA 14: Masalia ya antivairasi, na kosa nililomfanyia mwanangu

Mama zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimyakimya, nawaona. Niliahidi leo tuendelee na homa za watoto, naomba mnivumilie, itakuja kesho. Leo naongelea laptopu. Ndiyo, laptopu, na mimi ni nesi wa wodi ya wazazi. Subirini mtaelewa.

Laptopu yetu aliniachia mdogo wangu alipopata kazi mkoani. Ilikuja na antivairasi ya majaribio, ile unayotumia bure kwa muda halafu unatakiwa ulipie. Muda ulipoisha ikaanza kunisumbua, nami nikafanya wanachofanya wengi wetu: nikaikamata ile alama yake pale mbele ya skrini, nikaifuta. Nikajua nimemaliza. Kisha nikapakua nyingine ya bure, nikaiweka.

Kuanzia hapo mashine ikawa nzito. Unaiwasha, unaenda kubandika chai, unarudi bado inazungusha tu. Feni inavuma kama pangaboi bovu. Na kila mara kona ya chini kulia kinachomoza kibandiko chekundu: kompyuta yako ina virusi, lipia sasa.

Usiku mmoja nilikuwa naandika kazi ya chuo (najiendeleza, mnajua). Mashine ikaganda, kurasa mbili zikapotea. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, sikuwa na akili ya kufikiri. Nikamwita kijana wangu wa darasa la tano. Nani kama siyo yeye na magemu yake? Akasema, "Mama, sijagusa kitu." Nikamwambia ni muongo. Mbele ya mdogo wake. Nikampiga marufuku laptopu.

Wiki mbili mtoto akawa anapita pale mezani kwa mbali, kama mtu anayekwepa jiko la moto. Siku moja nikamsikia anamkataza mdogo wake: "Usiguse, utaiua, Mama atasema ni mimi." Niliumia, lakini kiburi cha mzazi mnakijua. Nikanyamaza.

Nikaipeleka kwa fundi wa pale steshenari. Hata hakuiangalia vizuri. "Dada, hapa tunapiga window tu, elfu ishirini, inarudi mpya." Nikamuuliza, na picha zangu? Akasema kama sijazihamisha zitaondoka. Sasa humo ndani kuna picha za binti yangu aliyezaliwa wiki ya 31, amefungwa kifuani kwangu kwa kangaruu, kichwa chake kidogo kama chungwa. Kwenye simu hazipo, hiyo simu niliibiwa kwenye daladala. Nikabeba laptopu yangu nikarudi nyumbani.

Kesho yake kazini nikamweleza kijana wetu wa TEHAMA. Akaniuliza swali moja: "Sista, ile ya kwanza uliiondoa, au ulifuta alama yake?"

Nikamwambia, kwani kuna tofauti?

Akanieleza, na mimi nikaielewa kwa lugha yangu. Mama akijifungua, kazi haiishi mtoto anapolia. Tunasubiri kondo la nyuma litoke, tunaliweka kwenye beseni, tunalikagua pande zote kuona limekamilika. Kipande kidogo tu kikibaki, mji wa mimba haubani vizuri na damu inaendelea kutoka. Huwezi kusema limetoka kwa sababu umeliona limetoka. Unakagua.

Antivairasi nayo inajishika ndani sana, kwa sababu kazi yake ni kuamka mapema mashine inapowaka na kukagua kila faili linalofunguliwa. Ina madreva yake ndani ya Windows, ina huduma zinazojiwasha zenyewe, ina mafolda kwenye Program Files na ProgramData, na mara nyingi ina kiambatisho ndani ya Chrome. Ile alama ya mbele ni kibao cha duka tu. Umeng'oa kibao, duka lipo. Mimi nikaleta na mlinzi wa pili, wakawa wawili wanagombea faili lile lile. Ndiyo ule uzito.

Kibaya zaidi ni hiki. Windows 10 na 11 zina mlinzi wao wa bure, Microsoft Defender, ambaye hukaa pembeni ukiweka antivairasi nyingine. Tulipofungua ukurasa wa usalama wa Windows, jina la ile ya zamani lilikuwa bado limeandikwa pale. Kama nesi aliyeacha kazi halafu jina lake bado liko kwenye ratiba ya zamu. Na mimi ndiye nachomeka flashi za wenzangu wa chuo humo, zile zinazogeuza mafolda yote kuwa njia za mkato!

Tulivyofanya: kwanza picha zote tukazihamishia kwenye diski ya nje. Hilo msiliruke. Halafu tukaingia kwenye mipangilio, sehemu ya programu, tukaziondoa zote mbili, moja kwanza, tukazima na kuwasha, kisha nyingine. Baada ya hapo ndipo kusafisha masalia. Watengenezaji wakubwa, Avast, McAfee, Norton, ESET, kila mmoja ana kiprogramu kidogo cha bure cha kusafisha mabaki ya antivairasi yake. Kichukueni kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, siyo popote mlipotafuta. Vingine vinataka mashine iwe kwenye hali salama: unashikilia Shift huku unabofya kuwasha upya, unafuata hadi mipangilio ya kuwashia, unachagua namba 4. Tukawasha tena, tukaangalia yale mafolda mawili kama jina lake limebaki, tukatoa kiambatisho kwenye Chrome. Rejista ya Windows hatukuigusa, na nyie msiiguse kwa kufuata video.

Tukafungua ukurasa wa usalama. Defender yuko kazini, peke yake. Feni kimya.

Nikafurahi siku moja tu. Kesho yake jioni kile kibandiko chekundu hicho hapo! Nikampigia kijana simu karibu nilie. Akasema nifungue Chrome, sehemu ya arifa, nione tovuti gani nimeziruhusu kunitumia. Ilikuwepo moja. Tovuti ya tamthilia. Jamani, ni ile ninayoangalia mimi nikiwa ofu, siku moja iliniuliza niruhusu arifa nikabofya ruhusu ili inipishe. Kumbe kile kibandiko hakikuwa antivairasi yoyote, kilikuwa tangazo la matapeli. Nikaifuta ruhusa. Hakikurudi tena.

Nikamwita kijana wangu, nikamkalisha pale mezani.

"Baba, laptopu hukuiharibu wewe. Niliiharibu mimi. Nilikuita muongo na hukuwa muongo. Nisamehe."

Akaniangalia. "Na lile jekundu?"

"Nalo ni mimi. Tamthilia."

Akajikaza asicheke, akashindwa. Kisha akamwita mdogo wake, naye mbio akadandia kiti, akataka aonyeshwe ile picha akiwa kama chungwa.

Kesho homa, Mungu akipenda. Wekeni kipimajoto karibu.