Mafuriko ya Kano hutoka milimani

Wahenga walinena, dalili ya mvua ni mawingu. Lakini msomaji mpenzi, ukinuia kuzuru Kisumu msimu wa masika, Machi hadi Mei, usitazame mawingu ya utosini pekee. Asubuhi jua huwaka. Alasiri upepo wa Ziwa Victoria hupanda milima ya Nandi, kukazuka radi na mvua. Uwanda wa Kano waweza kuwa mkavu, kumbe Mto Nyando unateremsha maji ya Nandi na Tinderet kuelekea Ahero. Mnamo Mei 2020 ziwa lenyewe lilijaa kupita rekodi zote za awali, maji yakaingia nyumba za ufuoni. Basi kabla ya kuvuka uwanda, waulize wenyeji: "Milimani kumenyesha?"