"Watu wenye silaha wasiojulikana": filamu za zamani za uhalifu na usiku wetu wa Goma

Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya makala sokoni Virunga. Naleta habari ya sinema. Lakini mkinifuata mpaka mwisho mtaona kwamba ni habari ya usalama vilevile.

Kuna maneno manne ambayo kila mwandishi wa habari wa hapa anayajua kwa moyo: watu wenye silaha wasiojulikana. Tunayasema asubuhi, tunayarudilia jioni. Watu wenye silaha wasiojulikana wameingia katika nyumba moja usiku, wamechukua simu na pesa, wamempiga baba risasi. Tunataja kartie, tunataja saa, shefu wa kartie anasema neno moja, kisha tunapita kwenye habari ya mpira. Tunayasema kwa sababu kweli hatuwajui, na kwa sababu kumtaja mtu bila uhakika kunaweza kumwua yeye au kumwua aliyetuambia. Nina zaidi ya miaka kumi kwenye redio na sijapata maneno mengine ya kuweka mahali pa hayo.

Siku moja mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Rutshuru aliniuliza swali. Mwanawe wa kwanza alikuwa ameuawa usiku, chini ya bashi walimokuwa wakilala, kwa ajili ya simu. Aliniambia hivi: "Mwanangu, redio yako inasema hawajulikani. Yule aliyefyatua risasi alikuwa kijana. Alikuwa anatetemeka. Alikuwa amevaa kandambili. Huyo ana mama yake mahali fulani. Sasa namna gani asijulikane?" Sikuwa na jibu. Nilikaa naye kwa muda, kisha nikarudi kazini.

Swali lake lilinifanya niangalie kwa macho mengine filamu ambazo nilikuwa nimezoea kuziangalia usiku wa zamu, mimi na santineli wetu, kwenye kompyuta ndogo, wakati umeme umekatika na hakuna mafuta ya jenereta. Ni filamu za Marekani, nyeusi na nyeupe, za uhalifu, zilizotengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia na katika miaka iliyoifuata. Jina lao walilipata kwa Wafaransa. Mwaka 1946, vita vilipokwisha na filamu za Marekani zikaanza tena kufika Paris, mwandishi mmoja aliyeitwa Nino Frank aliona jinsi zilivyokuwa zimebadilika na akaziita "film noir", filamu nyeusi.

Nyingi kati ya hizo zilitengenezwa kwa pesa kidogo. Wakati ule, mtu akilipa tiketi moja ya sinema huko Marekani aliangalia filamu mbili. Ya kwanza ilikuwa kubwa, yenye nyota na nguo nzuri. Ya pili ilikuwa fupi, ya kujaza programu. Wenye majumba ya sinema waliikodi hiyo ya pili kwa bei isiyobadilika, watu wajae au wasijae. Kwa hiyo kampuni iliyoitengeneza ilijua tangu mwanzo kwamba haitapata zaidi ya kiasi fulani, na faida yake ilitegemea kutumia kidogo. Siku chache za kazi, kuta chache, taa chache. Giza likawa msaada. Mahali pasipo na taa hapahitaji kujengwa.

Mfano ninaoupenda ni Detour, ya mwaka 1945, ya Edgar G. Ulmer. Haifiki dakika 70. Kuna mahali ambapo mwanamume na mchumba wake wanatembea usiku katika mji wa New York, na usioni mji wowote: unaona ukungu mzito, na alama ya barabara inatokea katikati ya ukungu. Hawakuwa na pesa ya kujenga barabara ya New York, wakaweka ukungu. Santineli wetu alicheka alipoelewa hilo. Akasema, "Basi hapa Goma tungetengeneza filamu nyingi sana, giza tunalo bure." Na filamu yenyewe ni bure pia. Haki zake zimekwisha, kila mtu anaweza kuichukua kwenye intaneti, anacholipa ni mega tu.

Hadithi yake ni hii. Al Roberts ni mpiga piano asiye na pesa. Anaomba lifti njiani ili amfikie mchumba wake Los Angeles. Mwenye gari aliyempakia anakufa ghafla njiani, na Roberts hakumwua. Lakini anajiuliza: nani ataniamini? Mimi maskini, nimekutwa na maiti ya tajiri na gari lake. Basi anaificha maiti, anachukua gari, nguo na pesa, na hata jina la marehemu. Kutoka hapo hawezi tena kurudi nyuma. Anampakia mwanamke aitwaye Vera, ambaye anajua kwamba yeye si mwenye gari, naye anamshika kooni kwa siri hiyo mpaka kifo cha pili kinatokea.

Nilipokuwa nikimtafsirulia santineli hadithi hiyo kwa Kiswahili, alinisimamisha mahali pale Roberts anapoamua kutokwenda polisi. Hakuhitaji maelezo. Katika mji wetu, mtu akikuta maiti barabarani alfajiri, mara nyingi anabadilisha njia. Anajua kwamba anayepiga simu kwanza ndiye atakayeulizwa kwanza, na kwamba kuulizwa kunaweza kuchukua siku nyingi na pesa nyingi. Sheria inapoogopwa na asiye na kosa, mwenye kosa anapata mahali pa kujificha. Filamu ya miaka 80 iliyopita, ya nchi tajiri, inalisema jambo hilo wazi kuliko habari nyingi nilizowahi kusoma.

Ya pili ni Crossfire, ya mwaka 1947, ya Edward Dmytryk. Nayo ilitengenezwa kwa haraka na kwa pesa kidogo, ingawa baadaye ilishindania tuzo 5 za Oscar. Askari wanangoja kuachishwa jeshi mjini Washington. Vita vimekwisha, hawana kazi, wanakunywa. Usiku mmoja raia Myahudi aitwaye Samuels anauawa katika nyumba yake. Wizi haupo, deni halipo. Mpelelezi anatafuta sababu na hapati, mpaka anaelewa kwamba sababu ni chuki tu. Aliyeua alimchukia mtu asiyemjua, kwa ajili ya kabila lake na dini yake.

Kabla ya kufa, Samuels anazungumza baani na askari mmoja kijana mwenye huzuni. Anamweleza, kwa maana si kwa maneno yake, kwamba kwa miaka mingi watu walifundishwa kuelekeza chuki yao kwa adui mmoja, na sasa adui hayuko, lakini chuki iko bado na haijui iende wapi. Sehemu hiyo niliirudilia mara tatu. Mkoa wetu umesikia tangazo la mwisho wa vita mara nyingi. Mikataba imetiwa sahihi, mikono imeshikana mbele ya kamera. Mwaka 2021 serikali iliunda programu mpya ya kunyang'anya silaha na kurudisha wapiganaji katika maisha ya raia, ile P-DDRCS, baada ya programu nyingine zilizoitangulia. Lakini hakuna karatasi inayoweza kuitia chuki sahihi ikaisha. Na bunduki yenye njaa, ikikosa adui, inatafuta jirani mwenye simu.

Sisi tuliokuwa watoto hapa katika miaka ya 1990 tulilelewa na filamu za namna nyingine. Katika vyumba vya mbao vya Birere na Majengo tulilipa faranga kidogo tukamwangalia Arnold Schwarzenegger katika Commando, anaua jeshi zima peke yake. Tulipiga makofi. Wale waliokuwa wakianguka hawakuwa na jina wala mama. Walikuwa, kwa maneno ya redio, watu wenye silaha wasiojulikana. Tulitoka nje tukacheza vita kwa fimbo, na wengine wa rika letu hawakukaa na fimbo kwa muda mrefu. Wakawa makadogo.

Sisemi kwamba filamu ndiyo iliyowapeleka msituni. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, wengine walikwenda kwa njaa au kwa kisasi. Nasema tu kwamba tulijifunza mapema kuangalia mtu akianguka bila kuuliza yeye ni nani. Filamu nyeusi zilinifundisha kuuliza.

Na msidhani kwamba ni mambo ya Wazungu. Kongo yetu imeshatoa filamu ya jamii hiyo. Ni Viva Riva! ya mwaka 2010, ya Djo Tunda Wa Munga, iliyochezwa Kinshasa kwa Lingala na Kifaransa. Mwaka 2011 ilipata zawadi 6 za African Movie Academy Awards. Riva, anayechezwa na Patsha Bay, anarudi kutoka Angola na shehena ya mafuta ya petroli aliyoiba kwa bosi wake, wakati Kinshasa haina hata lita moja kwenye vituo. Kila mtu anamtafuta, kuanzia majambazi wa Angola waliomfuata mpaka wanaovaa sare, na hata rafiki si rafiki tena. Ni filamu ya watu wazima, ina mambo ambayo siwezi kuiweka mbele ya watoto. Lakini mtu aliyewahi kununua chupa ya mafuta barabarani kwa makadafi, siku vituo vimefunga, ataielewa tangu mwanzo. Uhaba unampa kila mtu bei. Kuna afisa mwanamke ambaye majambazi wanamlazimisha kuwasaidia kwa kumshika dada yake. Unamchukia na unamhurumia ndani ya dakika ileile.

Hapo ndipo mzee mmoja wa kartie yetu aliponipinga. Nilimweleza filamu hizi, akaniambia: "Mtoto wangu, unataka tumhurumie mwizi? Usiku anapokuja kwangu, yeye hanihurumii." Mzee ana haki. Nyumba yake imeingiliwa mara mbili.

Jibu langu kwake ni kwamba filamu hizi hazimwachii mwenye kosa. Sheria za sinema za Marekani wakati ule zilikataza mhalifu kushinda, kwa hiyo katika Detour gari la polisi linamchukua Roberts mwishoni, na muuaji wa Crossfire anapigwa risasi akikimbia. Lakini kabla ya adhabu tunaonyeshwa njia. Tunaona mahali ambapo mtu angeweza kupinda kushoto akapinda kulia, na nani alikuwa amesimama hapo, na nini kilikosekana. Mpelelezi wa Crossfire hamkamati muuaji kwa kumpiga mtu wa kwanza aliyekutwa karibu. Alikuwa na mshukiwa tayari, askari mlevi asiyekumbuka usiku wake, na wengi wangeridhika hapo. Yeye aliendelea kuuliza. Kwetu, pale kijana anapokamatwa na umati na kuchomwa moto kabla ya kuulizwa jina, hatujui kamwe kama alikuwa ndiye. Bunduki nayo haipatikani. Usiku unaofuata inafanya kazi tena, katika mikono mingine.

Kwa hiyo naona kwamba kutojulikana kunawasaidia watu wawili tu: aliyeua, na yule aliyempa silaha. Mama wa Rutshuru hakumsaidia hata kidogo.

Tangu aliponiuliza swali lake, maneno yale manne bado nayasoma kwenye redio, kwa sababu uhakika bado unakosekana na hatari bado iko. Lakini sikubali tena yabaki peke yake. Familia ikikubali, nataja jina la aliyeuawa, umri wake, kazi yake: alikuwa akisukuma chukudu, alikuwa motari, alikuwa akisoma darasa la sita. Nauliza kama kuna aliyekuja kuchukua ushuhuda, na wiki mbili baadaye nauliza tena. Nauliza risasi ilikuwa ya namna gani na nani aliiona. Mara nyingi wakubwa wananijibu kwamba uchunguzi unaendelea. Ninaandika tarehe waliyoniambia hivyo, ili niwakumbushe.

Mwana wa yule mama alikuwa na miaka 19. Alikuwa akichaji simu za watu kwa paneli ndogo ya jua, na simu aliyouawa kwa ajili yake haikuwa yake. Alikuwa akimchungia jirani. Mama ameniruhusu niseme hayo. Jina lake aliomba nilisome hewani mara moja tu, nami nimelisoma.