Kifaru changu cha kwanza: T-72 juu ya meza, Bura

Leo tunaweka kando mambo ya programu, ingawa mtaona si kando sana. Nimemaliza kuunga kifaru changu cha kwanza cha plastiki na nataka niwasimulie, maana hapa Bura kuna watu wanaoniuliza kama nimerudi utotoni.

Ninaposema kifaru sisemi yule mnyama. Nasema kile cha vita, chenye mzinga na minyororo. Seti yenyewe ni T-72M1 ya kampuni ya Tamiya ya Japani, kipimo cha 1/35, yaani sentimita moja mezani ni sentimita 35 za chuma halisi. Rafiki alininunulia Dubai, ikafika Nairobi, ikapanda basi, ikakunja kulia pale Madogo kabla ya daraja la Garissa na kushuka kusini mpaka kwetu. Kwenye kizuizi kimoja askari alifungua kifurushi, akatazama picha iliyo juu ya boksi, akamtazama kondakta, akatazama tena boksi. Kondakta ananiambia alimjibu, "Afande, hiyo ni michezo ya watoto." Nimemsamehe.

Kwa nini T-72 na si kifaru kingine? Wenye kumbukumbu ndefu wataikumbuka meli ya MV Faina. Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka ikiwa njiani kuja Mombasa, na ndani yake kulikuwa na vifaru 33 vya aina hii hii kutoka Ukraine. Dunia nzima ikawa inaitazama pwani yetu. Serikali ya Kenya ilisema vifaru ni vyake, ila kwenye karatasi za shehena kulikuwa na herufi GOSS, ambazo wengi walizisoma kama kifupi cha Serikali ya Sudan Kusini. Meli iliachiliwa Februari 2009 baada ya fidia kulipwa, ikatia nanga Mombasa siku chache baadaye. Mwaka 2010 nyaraka za kibalozi za Marekani zilipovuja, zikaonyesha kwamba ni kweli mzigo ulikuwa wa Juba. Mimi wakati ule nilifuata habari hizo kila siku kwenye redio, na tangu hapo nikawa na hamu ya kukijua hicho chombo kilivyo. Picha hazikunitosha. Mtu wa programu hatosheki na picha, anataka kufungua aone ndani.

Kabla sijafika huko, kisa kimoja kuhusu hiyo 1/35. Nilidhani kuna hesabu ya maana nyuma yake, wapi! Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tamiya walitengeneza kifaru cha Kijerumani cha Panther chenye kutembea kwa mota, na mwili ukabidi uwe na nafasi ya kuingiza betri mbili. Baadaye walipopima walichokwisha kutengeneza, kikatoka takriban 1/35. Basi, ndiyo ikabaki. Wengine wakawafuata, na leo duniani kote watu wanaunga vifaru kwa kipimo kilichoamuliwa na betri. Waandishi wenzangu wa programu watacheka, kwa sababu wanajua mistari yetu ya herufi 80 inatoka kwenye kadi za matundu za IBM za mwaka 1928. Kadi zilishaoza, 80 bado ipo.

Haya, kazi yenyewe. Vipande vinakuja vimeshikana kwenye fremu, kila kimoja na namba yake. Unakata, unasugua kwa msasa pale kilipokatwa, unajaribu bila gundi, kikikaa vizuri ndipo unapaka. Vifaa maalum vya kukatia sina, nilitumia kikata kucha, na nawahakikishia kinafanya kazi. Gundi yake si kama supa gluu. Inayeyusha plastiki kidogo pande zote mbili mpaka zinakuwa kitu kimoja, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma. Adhuhuri, kwa joto letu la Bura, inakauka kabla hujalenga vizuri. Nikahamishia kazi usiku. Usiku nao una wake: taa ikiwaka, wadudu wote wa mifereji ya mradi wanakuja kutazama. Kuna mbu mmoja yuko kwenye rangi ya kijani ya tureti mpaka leo (tureti ni kile kichwa kinachozunguka na kubeba mzinga). Nimemwacha, ni mwenyeji.

Magurudumu ndiyo yaliyonichosha. T-72 ina sita kila upande, na kila moja ni sahani mbili, kwa hiyo ni sahani 24 za kukata na kusugua ukingo wake. Kwenye tarakilishi ningeandika kitanzi cha mistari mitatu nikaenda kunywa chai. Hapa kitanzi ni wewe mwenyewe. Nilipofika la kumi na kitu niligundua mikono imeshajua kazi na akili iko huru, na kwa kweli mtu anayekaa mbele ya kioo siku nzima hiyo ni dawa kubwa kuliko anavyofikiri.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Jioni moja mzee jirani yangu, Muorma, mfugaji, alipita akanikuta nimefunga mwili wa chini lakini tureti bado. Tukasalimiana, akakaa. Akakishika kifaru akakigeuza, asiseme lolote kuhusu mzinga, ambao ndio kila mtu huuliza. Akasema, "Mwanangu, humu ndani wanakaa wangapi?"

"Watatu, Mzee. Dereva, mpiga mzinga na kamanda."

Akachungulia. "Mbona hakuna kitu?"

Kweli, seti hii ndani ni tupu. Wanaotengeneza wanajua utafunika. Lakini swali lilikuwa zuri, nikaamua kumjibu kwa vitendo. Nilikata duara la boksi, nikapanga njiti za kiberiti 22 kama spoku za baiskeli, nikaliweka sakafuni mwa kifaru. Juu yake nikaweka punje mbili za mahindi upande huu na huu wa mzinga, na moja mbele kwa dereva.

Maelezo niliyompa ndiyo haya. Vifaru vingi vina watu wanne, na wa nne kazi yake ni kushindilia mzinga. Hata vifaru vya Vickers ambavyo Kenya iliagiza Uingereza mwaka 1977 na 1978, jumla 76, ni vya watu wanne. Wasovieti, waliokianza T-72 mwaka 1973, walimwondoa huyo wa nne wakaweka mashine. Makombora 22 na baruti zake yamelala kwenye sinia linalozunguka chini ya sakafu ya tureti. Mpiga mzinga akichagua aina, sinia linazunguka, lifti inapandisha, mkono wa chuma unasukuma kombora kisha baruti. Mtu mmoja akiondoka, kifaru kinakuwa kifupi, kama mita 2.2 tu hadi paa la tureti. Kifupi maana yake ni kigumu kuonekana na chuma kidogo cha kubeba. Kwa mtu wa hesabu ni kazi safi sana, nami nakiri niliipenda nilipoielewa. Niliisimulia kama mtu anayesifu programu inayokula kumbukumbu kidogo.

Mzee akaziangalia punje. Akasema, "Kwa hiyo wamekaa juu ya moto."

Sikuwa na la kuongeza, kwa sababu ndivyo ilivyo. Sinia likishika moto, baruti hulipuka kwa pamoja na tureti nzima, tani nyingi za chuma, hurushwa juu. Picha za Ukraine tangu 2022 zimejaa tureti zilizolala peke yake barabarani. Mchoraji alipopunguza kimo alilipa kwa kitu, na malipo yake ni wale watatu. Kwenye michoro haionekani. Mpaka uweke punje ndipo unaona hazina mahali pengine pa kukaa. Nimeandika programu miaka mingi nikisifia kilichopunguzwa, na sikuzoea kuuliza kimepunguzwa kutoka kwa nani.

Nikadhani mazungumzo yameisha. Mzee akasimama, akachukua fimbo yake, akauliza, "Na mbele yake utaweka nini?"

Wenye kuunga modeli huwa wanaweka kifaru juu ya kibao chenye udongo na nyasi, kionekane kiko mahali. Nikamwambia labda mchanga tu. Akasema kifaru hakiendi mahali pasipo na mtu, akaaga.

Nililala na maneno hayo. Kaunti yetu hii ya Tana River ilimwaga damu ya kutosha bila kifaru hata kimoja. Riketa, Agosti 2012, zaidi ya watu 50 waliuawa alfajiri moja kwa mapanga, mikuki na moto, wengi wao wanawake na watoto. Mzee huyu ana watu wake kule Delta, na sikumuuliza zaidi. Na Sudan Kusini, vilikokusudiwa kwenda vile vifaru vya Mombasa, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Desemba 2013. Wengi waliovikimbia wako Kakuma mpaka leo. Nilipokuwa nasikiliza redio mwaka 2008 nilihesabu vifaru 33, na hesabu yangu ikaishia bandarini.

Kwa hiyo tureti nimeifunga, lakini bila gundi, mtu akitaka kuona punje anainua. Stika za nchi zilizokuja na seti sikubandika hata moja. Rangi ni kijani mtupu, na vumbi halikuhitaji kupakwa, la kwetu limejiweka lenyewe.

Mbele yake naweka nyumba, ile ya duara ya fito na nyasi ambayo Waorma huijenga. Nimepiga hesabu: nyumba ya mita 2.5 kwa 1/35 ni sentimita 7 na kidogo, na kifaru changu hakifiki 6.5. Nyumba inakizidi kimo, sikutarajia. Fito nimechonga kutoka kwa mathenge, mti usio na haya, ulioletwa kwenye mradi wetu wa Bura miaka ya 1980 na sasa uko kila mahali. Mpwa wangu wa miaka tisa ndiye anayezikunja, vidole vyake ni vyembamba kuliko vyangu. Nyasi tumejaribu aina tatu, zote nene mno. Mzee amesema Ijumaa atatuletea za aina ya nne.