Asylum ya 1972 na kicheko cha Kashasha

Niseme mapema: Asylum ya mwaka 1972 haikunitisha. Niliitafuta kwa hamu, maana aliyeiandika, Robert Bloch, ndiye mwenye riwaya ya Psycho, ile ambayo Hitchcock aliigeuza filamu. Kwa jina kama hilo unategemea kukosa usingizi. Mimi nililala fofofo, mvua ya Bukoba ikigonga bati.

Filamu ni ya Amicus, kampuni ya Uingereza iliyojulikana kwa kuunganisha visa vifupi vifupi ndani ya filamu moja. Daktari kijana, Martin, anafika kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili kuomba kazi. Anapewa mtihani: daktari mmoja wa hapo, Starr, amerukwa na akili na sasa ni mmoja wa wagonjwa wa ghorofani. Ongea nao, kisha useme ni yupi. Basi wagonjwa wanne wanasimulia, kila mmoja na kisa chake.

Cha kwanza kina mke aliyekatwa vipande, akafungwa kwenye karatasi za kaki na kutiwa kwenye friza. Vipande vikaanza kutembea. Hapo palitakiwa kutisha, mimi nikacheka. Cha pili ndicho nilichokipenda: Peter Cushing anampelekea fundi cherehani kitambaa cha ajabu, ashone suti ya kumfufua mwanawe. Cushing mwenyewe alikuwa amefiwa na mkewe Januari 1971, na ule uso huwezi kuusahau. Cha tatu, cha Charlotte Rampling na Britt Ekland, utajua mwisho wake kabla chai haijapoa. Cha nne kina midoli. Inatembea. Basi.

Ila kilichoniudhi si midoli. Martin ana huruma, tena anabishana na wakubwa, lakini filamu yenyewe inawasikiliza wagonjwa ili kufumbua fumbo tu. Hakuna anayeulizwa: unaumwa wapi? Kichaa ni kitendawili, tega nitegue, ukishategua unaondoka.

Sisi wa Kagera mchezo huo tunaujua. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha, Muleba, walianza kucheka, wakashindwa kuacha. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa. Wakarudishwa makwao, na ugonjwa ukasafiri nao. Kule Nshamba ukawapata watu 217. Walimu hawakuguswa. Madaktari Rankin na Philip, walioandika ripoti yake mwaka 1963, hawakuona sumu kwenye chakula wala kijidudu cha kueleza jambo hilo. Wenyeji waliuita akajanja, yaani wazimu.

Leo dunia inaisimulia kama kichekesho: eti kijiji kilicheka hadi shule zikafungwa. Wahariri wa Dar es Salaam wakisikia natokea huku, ombi la kwanza ni "ile stori ya kucheka". Ripoti inasema kingine. Wasichana wale walilia pia, walihangaika, na wengine waligeuka wakali waliposhikwa. Wapo waliodumu hivyo hadi siku 16. Huo si mzaha. Ni watoto waliobeba kitu kilichowazidi, na hawakuwa na njia nyingine ya kukitoa.

Shangazi yangu wa Nshamba alikuwa binti mdogo wakati huo. Nilimuuliza mara moja tu, naye akaendelea kumenya ndizi. Mwishowe akasema, "Mwanangu, kila anayekuja anauliza tulicheka nini. Hakuna aliyeuliza tulilia nini."

Ndiyo maana filamu hii imeniangusha zaidi ya inavyostahili. Bloch alikuwa na watu wanne chumbani na muda wa kuwasikiliza, akachagua midoli. Itazame kwa ajili ya Cushing. Mengine ruka bila majuto.

Wasichana wa Kashasha walikuwa na miaka 12 hadi 18. Walio hai wamepita sabini sasa, wapo mashambani na kanisani, Muleba ile ile. Tunazo namba zao, 95, 159, 217. Maneno yao hatuna, na kwa mwandishi wa habari anayeishi mwendo wa daladala kutoka kwao, hiyo ni kazi inayosubiri, tena haina miaka mingi ya kusubiri.