Wimbo Wetu wa Lugha Ine

Mwandikaji wa gazeti letu alitusimamisha mbele ya mlango wa darasa, akasema tuandike kidogo juu ya wimbo tulioimba siku ya karamu ya masomo. Alisema wengi wanauliza: Kwa nini katikati ya wimbo mlinyamaza, mkapiga gitaa tu? Mlisahau maneno? Hapana, hatukusahau. Tutaeleza, lakini lazima tuanze mbali.

Ninyi mnatujua. Tuko wawili, kijana mmoja na binti mmoja, wa mwaka wa ine. Wengine wanatuita bampundu, lakini hatukuzaliwa na mama mmoja. Baba wa mmoja wetu na mama wa mwingine ni kaka na dada, na kambo yetu ni mmoja. Sura zetu zinafanana sana, hiyo ni kweli, zaidi nywele na macho. Tukipita sokoni watoto wanapiga kelele: "Shinwa! Shinwa!" Tangu makampuni ya Wachina kuwa mengi huku kwetu, kila mtu mwenye macho kama yetu ni Shinwa tu. Zamani tulikuwa tunakasirika. Sasa tunaitika na kupita. Lakini sisi si Wachina. Baba wa wazazi wetu alikuwa Mjapani.

Wengi wa rika letu hawajui ya kama Wajapani walikaa katika jimbo hili. Mwaka wa 1967 serikali yetu ilipatana na kampuni ya Japani, Nippon Mining, na mwaka wa 1969 ikaundwa kampuni ya SODIMICO. Inchi ilipobadilisha jina na kuwa Zaire, ikaitwa SODIMIZA. Walichimba shaba pa Musoshi, karibu na Kasumbalesa, pale pale kwa mpaka wa Zambia. Mgodi ukaanza kutoa shaba mwaka wa 1972. Wajapani walikuja kwa mamia, mafundi na wachimbaji, na wengi wao walikuja peke yao bila bibi zao. Kisha bei ya shaba ikaanguka, na mwaka wa 1975 njia ya treni ya Benguela ikafungwa kwa sababu ya vita ya Angola, kazi ikawa nzito kwa kila mtu anayeuzisha shaba. Mwaka wa 1983 Wajapani wakaacha mgodi, wakarudi kwao. Watoto wakabaki. Wako wengi hata leo, wengine ni wababa na wamama wa miaka karibu makumi tano, na pa Lubumbashi walifanya hata shirika lao.

Wazazi wetu ni wawili katika hesabu hiyo. Kambo alikuwa msichana wa kuuzisha mboga kwa kando ya njia ya kambi. Mtoto wa kwanza alizaliwa mwaka wa 1977, wa pili mwaka wa 1980. Mwaka wa 1982 yule bwana akasema anaenda konji. Kambo alimpikia chakula cha njia. Alingoja barua, hakuna. Alingoja mpaka wenzake wote walipotoka, ndipo akafunga vitu vyake, akachukua watoto, akaja huku Likasi kwa mkubwa wake. Tangu siku ile akikasirikia mtu anayekawia anamwambia: "We, ulienda konji?" Sisi tulikuwa tunacheka neno hilo miaka mingi bila kujua lilitoka wapi.

Sasa, habari ya gitaa. Tulifundishwa na mzee mmoja wa Kikula ambaye hapendi jina lake liandikwe. Yeye anapiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na kile cha kuonyesha, kama Mwenda Jean Bosco. Hapa tusimame kidogo, kwa maana tumeona wanafunzi wa Likasi wasiojua Mwenda ni nani. Mwenda wa Bayeke alizaliwa mwaka wa 1930, na ni hapa katika mji wetu, wakati ulipoitwa Jadotville, ambapo Hugh Tracey alimkuta na kushika sauti yake kwa mashini mwaka wa 1952. Wimbo ni "Masanga". Mpaka leo watu wa Ulaya na Marekani wanajifunza kuupiga na vidole vinawauma. Alifika mpaka Nairobi, na ndugu yake Edouard Masengo alifika kule vilevile, na wapiga gitaa wa Kenya walijifunza mengi kwao. Mwaka wa 1969 aliitwa Marekani kwa karamu kubwa ya Newport. Akafa kwa ajali ya motokari kule Zambia mwaka wa 1990. Mzee wetu anasema gitaa moja ya Mwenda ilikuwa watu wawili. Sisi hatuwezi, ndiyo maana tuko wawili kweli kweli, mmoja anashika besi na mwingine anaimbisha nyuzi za juu.

Lakini muziki tunaopiga si wa Mwenda tu. Dada yetu mmoja wa Lubumbashi alitupa kwa simu nyimbo za Mitski. Huyu ni mwimbaji wa roki, si roki ya makelele, ile ya watu wanaoandika nyimbo zao wenyewe na kuimba mambo ya nyumbani mwao. Alizaliwa Japani mwaka wa 1990, mama Mjapani, baba Mmarekani. Utoto wake aliupitisha katika inchi nyingi, Uturuki, China, Malaysia, na inchi moja kati ya hizo ni hii yetu, Kongo. Tuliposoma hivyo tuliruka. Mtu wa damu mbili kama sisi, aliishi kwetu, na leo anaimba Kiingereza lakini lugha yake ya kwanza ilikuwa Kijapani! Usiku ule hatukulala. Tulisema: Na sisi tufanye wetu.

Tukafanya. Mwanzo ni Kiswahili, kwa sababu ni lugha ya nyumbani. Kisha Kibemba, lugha ya kambo. Kisha Kifaransa, ile ya masomo (Bwana Mwalimu wa Kifaransa, tunajua kosa la mstari wa pili, tumelisikia). Na mwisho tulitaka Kijapani. Lakini Kijapani tutakitoa wapi? Tuliweza kutafuta kwa simu, tukakataa. Tulitaka paka maneno yaliyobaki ndani ya nyumba yetu. Tukaenda kumuuliza kambo. Alikaa kimya, akakuna magoti, akatoa matatu. La kwanza ni "ohayo", kusalimu asubuhi. La pili "shigoto", kazi. La tatu "abunai", hatari. Hilo alilisema kwa sauti kubwa: "Abunai! Abunai! Balikuwa banasema vile kila saa, mu mugodi, mu njia, mutoto akikaribia moto. Batu bote ba Musoshi balijua ile neno."

Maneno matatu kwa ajili ya mwanaume mzima. Tuliyaandika kwa karatasi kama mtu anayeokota makombo.

Tukaanza kuimba nyumbani jioni, na baba wa mmoja wetu akasikia. Tunamheshimu sana na hatuandiki hapa kwa kumsema vibaya. Yeye mwenyewe alisoma karatasi hii mbele haijaenda kwa stensili. Yeye hapendi habari ya Mjapani itajwe. Alikuwa na miaka mitano siku ile ya konji, kwa hiyo anakumbuka. Mama wa mwingine wetu alikuwa na miwili, hakumbuki, na yeye anaweza kuongea bila shida. Picha ya yule bwana iko katika sanduku la baba, na nyuma yake kuna maandiko ya Kijapani. Leo simu inaweza kusoma maandiko yale kwa dakika moja. Tuliomba. Alikataa. Juu ya wimbo alisema hivi: "Muimbe luga yote munataka. Ile, hapana. Ye hakutuachia hata jina, sasa mimi nimupe wimbo?"

Tulibishana sisi wawili, karibu tuvunje gitaa. Mmoja alisema baba ana haki, kidonda ni chake. Mwingine alisema maneno yale si ya yule bwana tena, ni ya kambo, aliyabeba toka Musoshi pamoja na vyungu vyake. Mpaka leo hatujasikilizana juu ya jambo hili, ndiyo maana hatuandiki nani alisema nini.

Katika majuma yale tulikuwa tunasoma historia ya vita ya pili. Mwalimu alieleza ya kama sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu lililoanguka pa Hiroshima, tarehe 6 mwezi wa munane 1945, ilitoka pa Shinkolobwe, hapa jirani na Likasi. Darasa lote likageuka kutuangalia. Hatukujua tufanye uso gani. Wa kwetu walichimba, na wa kwetu waliungua. Baada ya saa ile rafiki mmoja alikuja kutuomba radhi, lakini hakuna kosa alilofanya, na sisi hatukujua tumuombe nani.

Basi siku ya karamu ilifika. Tulikuwa tumekata hivi: Tutaimba lugha tatu, na mahali pa Kijapani tutaacha wazi, tutapiga nyuzi tu. Baba alikuwa amesema hatakuja. Kambo alikaa kwa benchi la mbele na kitambaa chake kipya, si unajua, wamama wa kanisa wanavyofika saa moja mbele ya watu wote.

Tuliimba Kiswahili, mkapiga mikono. Tuliimba Kibemba, wamama wakapiga vigelegele. Tuliimba Kifaransa. Kisha tukanyamaza, gitaa mbili zikaendelea, na katika kimya kile ndipo sauti ilitoka mbele: "Abunai!" Ninyi wote mlicheka. Mlifikiri mama mzee anamgombeza mtoto aliyepanda juu ya meza. Alisema tena, mara ya pili, na mara ya tatu, juu ya mapigo yenyewe, hakukosa hata moja. Hakucheka. Sisi tuliinamisha vichwa, tukapiga.

Tulipoinua macho tukaona baba kwa mlango wa nyuma, amesimama na kofia mkononi. Hatujui alifika saa gani. Alitoka mbele ya watu.

Jioni nyumbani hakusema neno juu ya wimbo. Alikula. Kisha akauliza ni nani alifunga uzi wa tatu, kwa sababu umelegea. Akachukua gitaa, akaukaza mwenyewe, na hatukujua ya kama anajua kukaza gitaa. Aliukaza zaidi, ukakatika. Kambo alicheka mpaka machozi. Sanduku bado limefungwa.

Kwa hiyo, mtu akienda Lubumbashi kwa konji ya Pasaka, tafadhali atutafutie uzi wa tatu, wa nailoni, si wa chuma. Feza tutarudisha.

Ni sisi wawili, wa mwaka wa ine.